Mkono Upewe Kazi Nyingine: Mbinu kwa Anayeng'oa Nywele na Kuchokonoa Ngozi

Mtoto akirudi nyumbani likizoni na upara mdogo utosini, wazazi wengi wa huku kwetu Masinga, kaunti ya Machakos, husema ni mapunye, kisha mtu anatumwa dukani kuleta dawa ya kupaka. Huenda ni kweli, maana mapunye hayaishi shuleni. Hata hivyo, kabla pesa hazijatoka, mketishe mtoto mlangoni penye mwanga uzitazame nywele zenyewe. Mapunye huacha magamba kwenye ngozi, huwasha, na aghalabu kuna ndugu au mwenzake wa bwenini aliyeambukizwa pia. Hayo hutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa krimu peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Upara wa mviringo uliotokea ghafla, ukiwa laini pasipo hata kisiki kimoja, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele, na huo unamhitaji daktari. Nywele zikiisha kwenye paji na juu ya masikio, lawama iende kwa mistari iliyosukwa kwa kukazwa mno. Lakini ukikuta mahali pasipo na umbo maalumu, ngozi ikiwa safi, na humo ndani nywele za urefu mbalimbali, nyingine zimekatika, nyingine ndio zinachomoza, nyingine ndefu zimebaki moja moja, basi uwezekano ni mkubwa kwamba mtoto anazing'oa kwa mkono wake. Ukiwa na shaka, afisa wa kliniki atatofautisha.

Ngozi nayo husema. Alama za anayejichokonoa hukusanyika pale mkono unapofika kwa urahisi: usoni, mabegani, mikononi, mapajani. Katikati ya mgongo, mahali vidole visipofika, ngozi ni nzima. Utaona vigaga vipya kando ya makovu meusi ya zamani, na alama ya kuumwa na mbu ambayo ingepona kwa siku chache imekaa mwezi mzima kwa sababu kila kidonda kikifunga kinabanduliwa.

Ukishayaona hayo, swali la kwanza lisiwe "Mbona unajifanyia hivi?" Hilo halina jibu, hata mtu mzima aliyeishi nalo miaka mingi hawezi kulijibu. Uliza, "Mkono huwa unaenda hapo saa ngapi, ukiwa unafanya nini?" Hilo lina jibu, na kazi yote iliyo mbele huanzia kwenye jibu hilo.

Ni ugonjwa, na una jina

Tabia hii si uchawi, si utundu, wala si dalili kwamba mtu anataka kujiua. Daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, aliipa jina mwaka 1889 baada ya kumwona kijana aliyekuwa akijing'oa nywele, na jina hilo, trikotilomania, bado linatumika hospitalini. Kuchokonoa ngozi kulisubiri zaidi. Mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani ulikupa nafasi yake mwaka 2013, ukaliweka tatizo hilo na la kung'oa nywele katika kundi moja na ugonjwa wa fikra na vitendo vinavyojirudia bila hiari. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inayataja pamoja vilevile.

Makadirio ya kawaida ni kwamba mtu mmoja au wawili katika kila mia wana tatizo la kung'oa nywele. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 400 pale Kithyoko au Ekalakala inaweza kuwa na wanne hadi wanane, kila mmoja akiamini kwamba yuko peke yake duniani. Nilikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo, na sikukutana na mwingine hadi nilipokuwa mtu mzima. Kwa wengi huanza karibu na kubalehe, kati ya miaka 10 na 13, na hupita katika ukoo kwa kiasi fulani, kwa hiyo usishangae ukisikia shangazi naye alikuwa akinyofoa nyusi zake akiwa msichana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Vidole hupita kwenye nywele vikitafuta ule ulio tofauti na wenzake: mnene, mgumu, uliojikunja vibaya. Kwenye ngozi hutafuta ukingo wa kigaga ulioinuka au kichunusi ambacho jicho halikioni. Kikipatikana, mwili hukaza. Kikitoka, mkazo huachia, na kwa muda mfupi mtu huhisi ametulia. Halafu huja aibu. Aibu huleta msukosuko moyoni, na msukosuko huupandisha mkono tena. Ndiyo maana kumwaibisha mtu mwenye tatizo hili ni kumwongezea kilekile kinachomsukuma. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo familia nyingi hukosea, tena kwa mapenzi.

Daftari kabla ya dawa

Kama ni wewe unayeng'oa au kuchokonoa, kwa wiki ya kwanza usijaribu kuacha. Beba daftari dogo au karatasi iliyokunjwa mfukoni, na kila unapojikuta umeng'oa au umechokonoa, andika maneno machache: mahali, saa, ulivyokaa, mkono uliotumia, ulichokuwa ukifanya, ulichokuwa ukihisi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Mansueto, pamoja na wenzake, hupanga vichochezi vya tabia hii katika mafungu matano, na ni vizuri kuyafuata unapoandika. Kuna kile ngozi na vidole vinachohisi, kama mwasho au unywele uliokaa vibaya. Kuna kile akili inachosema: "Huu mmoja tu, halafu basi." Kuna hisia, iwe hasira, wasiwasi, upweke au uchovu wa kukaa bure. Kuna mkao wa mwili na mazoea ya mkono. Na kuna mahali penyewe pamoja na vitu vilivyopo hapo, kama kioo.

Kazi ya daftari huonekana upesi. Chukua mwanafunzi wa kidato cha tatu. Akiandika kwa uaminifu ataona kwamba hang'oi uwanjani, hang'oi akifua, hang'oi kanisani. Ni usiku wakati wa prepu: kiwiko cha kushoto juu ya dawati, kichwa kimelalia kiganja, macho kwenye hesabu, vidole vinne vimeshafika utosini bila yeye kujua. Hapo hakuna huzuni kubwa ya kutafuta. Ni kiwiko. Sasa chukua mama mwenye kibanda Kangonde, ambaye akishamaliza kupiga hesabu za mkopo wa chama hujifungia bafuni mbele ya kioo na kukamua uso mpaka damu itoke. Huyu anajua anachofanya, na anakifanya kwa sababu kichwa kimejaa. Tatizo lao lina jina moja, lakini mbinu itakayomsaidia mmoja huenda isimfae mwenzake hata kidogo, na bila daftari usingejua ni ipi.

Kuupunguzia mkono njia

Kwa yule wa kiwiko, anza na kiwiko. Avute kiti nyuma kidogo ili mkono usifike dawatini kwa kuegemea, kitabu akiinue kwa kukiegemeza juu ya vitabu vingine, na mkono ule unaong'oa ndio ushike kalamu au rula. Azungushie plasta kidole gumba na kidole cha shahada. Kung'oa unywele kunahitaji kuubana vizuri, na plasta huondoa ubanaji huo. Pia humshtua mkono unapogusa kichwa, akajua umefika. Kitambaa cha kichwa husaidia nyumbani, kofia ya kulalia husaidia kitandani. Mafuta mengi kidogo kwenye nywele hufanya vidole viteleze. Kucha zikatwe fupi na zipigwe tupa ziwe laini, hasa kwa anayechokonoa ngozi.

Kwa yule wa kioo, ondoa kioo bafuni, ubaki na kidogo cha kuchania nywele sebuleni watu wakiwapo. Balbu kali ibadilishwe kwa isiyoonyesha kila kitundu cha ngozi. Akiingia kuoga aweke kengele ya simu ya dakika chache na mlango asiutie komeo. Kikoleo cha nyusi, sindano na pini za kuchokolea vitoke nyumbani kabisa, akavitunze jirani au dada. Watu wengine huona hizi ni hila ndogo zisizofika kwenye mzizi. Mimi naziheshimu. Hazimponyi mtu, lakini humpa sekunde kadhaa kabla mkono haujamaliza kazi yake, na bila sekunde hizo mbinu inayofuata haina mahali pa kuingilia.

Mkonge, mahindi na ndengu

Mwaka 1973, wanasaikolojia wa Marekani Nathan Azrin na Gregory Nunn walichapisha njia ya kubadili mazoea ambayo hadi leo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa tatizo hili. Baada ya mtu kujifunza kuutambua mkono unapoanza safari, huupa tendo jingine lisiloweza kufanyika sambamba na kung'oa: anafunga ngumi kwa nguvu, au anakalia viganja, au anafumbata kitu, kwa dakika moja hadi tatu. Tendo lenyewe liwe la kawaida, ambalo mtu wa kiti cha pili katika matatu hataligeukia kulitazama. Msukumo hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe usipotiiwa. Mara za kwanza dakika hizo huwa ndefu sana. Rudia hata ukishindwa katikati, na rudia hata kama umeshang'oa mmoja. Mkono hufundishwa kwa kurudiarudia, na kila marudio yana faida.

Ngumi inatosha darasani, lakini vidole vilivyozoea kutafuta na kusokota havitaridhika na ngumi kwa muda mrefu. Vinataka kitu chenye mkwaruzo, chenye kuhisika. Ng'ambo watu hununua vichezeo vya plastiki kwa ajili hiyo. Huku Ukambani tuna mkonge. Jani hukwanguliwa likabaki nyuzi, nyuzi zikakaushwa, kisha mwanamke huzilaza mbili mbili pajani na kuzisokota kwa kiganja, ncha za vidole zikipima wembamba na kutafuta pale uzi ulipovimba. Mama zetu husuka kiondo wakitembea, wakiwa kwenye foleni ya maji, wakiwa kwenye mkutano wa chama. Anayeng'oa nywele akishika kazi hii atatambua mara moja kwamba vidole vyake vinaijua: vinapita, vinatafuta kilicho tofauti, vinakaza, vinavuta. Kiondo kinapokaribia kwisha huwa kimejaa vinyuzi vilivyochomoza nje, na kuvitafuta na kuvipunguza kimoja kimoja kunakata kiu ya vidole bila kumgharimu mtu unywele hata mmoja. Susu, yaani bibi, aliye na kazi yake ya kusuka ni msaada ambao hospitali haiwezi kuuandika kwenye karatasi. Amwite mjukuu jioni, "Njoo unisokotee," bila kutaja nywele.

Tahadhari moja: mwenye vidonda mapajani asisokote pajani, maana nyuzi hukwaruza. Asokote kwa vidole tu, au aweke leso iliyokunjwa juu ya paja.

Mvulana anayeona haya kushika kiondo anaweza kusokota kamba ya kufungia mbuzi. Anaweza pia kupewa kipande cha mti na msasa akakilainisha, kazi ambayo wachongaji wa Wamunyu hawaikosi. Kwa anayechokonoa ngozi, kwa maoni yangu, mkonge haufiki popote ukilinganishwa na kupukuchua mahindi. Kidole gumba husukuma, punje hukaza, kisha huachia na kuanguka. Ni mfano wa karibu mno wa kile ambacho kidole hutafuta kwenye kigaga. Mbaazi mbichi za kutolewa maganda zinafaa vilevile, na ndengu za kuchagua mawe zinafaa kwa yule ambaye jicho lake ndilo linalotafuta kasoro. Panga kazi hizo ziangukie saa ambayo daftari limeonyesha kuwa ya hatari. Ukichagua ndengu asubuhi ilhali unang'oa usiku, utapata ndengu safi tu.

Shuleni na kazini hutabeba gunia la mahindi. Kipande cha kamba ya mkonge chenye mafundo mfukoni kinatosha, au shanga, au rozari kwa Mkatoliki, au brashi ndogo ya nguo ambayo mtu huipitisha kwenye ncha za vidole. Wapo wanaopenda kuugusisha unywele midomoni baada ya kuung'oa. Kwa hao nywele za brashi safi kwenye mdomo hupunguza hamu hiyo.

Kuna swali ambalo ni lazima liulizwe kwa upole: je, nywele zikishang'olewa huliwa? Wengine hutafuna shina tu, wengine humeza. Tumbo haliwezi kusaga nywele. Zikikusanyika miezi na miaka hufanya bonge, na mara chache bonge hilo huwa na mkia unaoshuka hadi kwenye utumbo, hali ambayo madaktari wameiandika tangu 1968. Mtoto anayeng'oa nywele akianza kulalamika tumbo, kutapika, kushiba baada ya tonge mbili, au kukonda, mpeleke hospitali na umwambie daktari wazi kwamba humeza nywele. Bonge kubwa hutolewa kwa upasuaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa methali hiyo inasema kweli tupu.

Vidonda na makovu

Masinga ni pakavu na pana vumbi, na ngozi kavu hubanduka, na kila kinachobanduka humwita mchokonoaji. Jipake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukiishi karibu na bwawa la Masinga, lala ndani ya chandarua. Mbu wa huko huleta malaria, na kwa mtu wa aina hii kila alama ya mbu ni mwaliko wa kuchokonoa kwa wiki kadhaa.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kipakwe mafuta mepesi ya mgando, kifunikwe kwa plasta. Kidonda chenye unyevu chini ya plasta hupona haraka kuliko kilichoachwa kikauke, tena hakifanyi kigaga kigumu cha kubandua. Hapo umeua ndege wawili kwa jiwe moja. Usitie majivu, dawa ya meno wala maji ya betri, hata kama jirani anaapa yalimsaidia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka, usaha au homa vinatosha kukupeleka kituo cha afya siku hiyohiyo, na huko uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Madoa meusi hufifia yenyewe, ila kwa miezi, na jua huyachelewesha. Hapa ndipo wasichana wengi hutumbukia kwenye krimu za kujichubua. Nawasihi wasiziguse. Nyingi zina zebaki au kemikali kali ambazo huharibu ngozi iliyokuwa imeshaanza kupona, na zebaki huumiza figo. Kovu linaloendelea kuvimba na kutambaa nje ya kidonda lipelekwe kwa daktari mapema. Kulikata nyumbani hulifanya lirudi kubwa zaidi.

Nyumbani, shuleni, saluni

Neno "Acha!" likisemwa mara nyingi kwa siku huwa kelele. Kaeni chini mkubaliane juu ya ishara moja: mama anaweka kibonge cha nyuzi mkononi mwa mtoto bila kutamka chochote, au anagusa bega lake. Ishara hiyo aichague mtoto. Akisema leo haitaki, iheshimiwe. Usihesabu nywele sakafuni wala usimkague kichwa kila jioni. Kama kwenu nywele hazitupwi ovyo kwa kuhofia wenye nia mbaya, zifagie uzichome, bila hotuba. Mwana akisema, "Mama, leo mkono ulipanda nikafunga ngumi," hapo ndipo pa kusimamisha kazi na kumsifu.

Kumnyoa kama adhabu ni kosa. Akiomba mwenyewe kunyolewa, sawa, kwa wengine hupumzisha. Lakini jiandae, kwa sababu mkono uliokosa nywele za kichwani huweza kuhamia nyusi na kope, na kope huchukua muda kurudi. Kuhusu maombi: mpeleke akaombewe ukitaka, mimi pia nasali. Mchungaji akitaka kumfungia mtoto bila chakula au kumpiga ili "kitu" kimtoke, mchukue mwanao mwende nyumbani.

Mwalimu wa darasa aambiwe kabla ya muhula kuanza, kwa barua fupi au ana kwa ana. Mwombe mambo matatu ya kawaida: mtoto aruhusiwe kitambaa au kofia, aruhusiwe kamba yake ya mafundo mkononi, na asitajwe mbele ya wenzake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kipigo na kumsumbua kiakili, kwa hiyo mzazi hendi pale kuomba hisani.

Saluni ni mtihani mwingine. Wengi hukaa miaka bila kuketi kwenye kiti cha msusi. Tafuta mmoja, nenda saa ambayo hakuna wateja, mwambie kabla hajafungua kitambaa: "Dada, huwa nang'oa nywele, utaona upara hapa juu. Usinikazie." Wasusi wameona mengi kuliko tunavyodhani. Mistari myepesi hufunika na hupunguza nywele za kushikika. Iliyokazwa huwasha, nao mwasho huuita mkono.

Ukihitaji zaidi ya haya

Ukiwa umejaribu kwa miezi miwili au mitatu na hakuna nafuu, au kung'oa kumeambatana na huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi, au mawazo ya kufa, tafuta msaada. Anza na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako au hospitali ya kaunti ndogo hapa Masinga, ambayo inaweza kukuandikia barua ya kwenda Machakos Level 5. Ngazi ya juu zaidi ni Hospitali ya Mathari, Nairobi. Uwe umejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo usizunguke. Sema: "Nang'oa nywele zangu mwenyewe. Nimejaribu kuacha nimeshindwa. Inaniharibia masomo. Naomba mshauri anayejua njia ya kubadili mazoea." Mpe daftari alisome, ni msaada mkubwa kwake. Mshauri ambaye hajawahi kukutana na tatizo hili bado anaweza kuifuata njia ya Azrin na Nunn nawe hatua kwa hatua. Kwa simu, 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, na 116 ni ya watoto.

Nikitazama jirani zetu wa Makueni napata moyo. Huko taasisi inayoongozwa na Profesa David Ndetei iliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua maradhi ya akili na kuwapeleka watu kliniki. Mafunzo hayo yalilenga zaidi sonona na maradhi mengine makubwa, lakini mtu aliyefundishwa kusikiliza bila kulaumu atamsikiliza na mng'oa nywele.

Kuhusu dawa, niseme kwa uangalifu. Hakuna kidonge kilichothibitishwa rasmi kuwa tiba ya tatizo hili. Dawa ya asetilisisteini, ileile ambayo hospitali hutumia kwa aliyekunywa paracetamol kupita kiasi, ilijaribiwa Marekani na daktari Jon Grant kwa watu wazima 50 kwa wiki 12. Matokeo ya 2009 yalionyesha nafuu kwa asilimia 56 ya walioitumia dhidi ya 16 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa watoto, utafiti wa 2013 haukuona tofauti. Kwa hiyo mtu mzima amwulize daktari, hasa akiwa na pumu, na mzazi asimnunulie mtoto kwa kusikia tu.

Jambo la mwisho ni lile ambalo huwavunja watu moyo wakiwa karibu kufanikiwa. Nywele hurudi kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na zinaporudi huwa fupi, ngumu, zimesimama, na huwasha. Hakuna nywele zinazouita mkono kama hizo. Mtu aliyekaa wiki sita bila kung'oa anaweza kufuta kazi yote kwa usiku mmoja, kisha akaamini kwamba hana dawa. Kitarajie kipindi hicho mapema na ukiandalie: mafuta ya nazi asubuhi na jioni ili nywele zilainike, kitambaa kichwani saa zote za nyumbani, kinyozi asawazishe nywele ndefu zilizobaki ili tofauti ipungue, plasta zirudi vidoleni hata kama ulikuwa umeshaziacha. Daftari nalo lifunguliwe tena kwa wiki mbili kila shule zinapofunguliwa na kila mtihani wa KCSE unapokaribia, kwa kuwa huo ndio wakati ambao wengi hurudia kung'oa.